Je, mpako unaokataa maji huongeza mtiririko katika mfereji wa mikromita 50?

Mhitimu wa Mbarara

Salaam kwenu nyote mnaoshughulika na mwendo wa vimiminika. Ninaunda kifaa kidogo cha kupimia maji ya visima, ambamo sampuli ya maji na dawa ya kupimia hutiririka bega kwa bega na kuchanganyika kabla ya kufika mahali pa kusomea rangi. Nimetumia vioo viwili bapa vilivyotenganishwa na filamu ya plastiki iliyokatwa njia ya maji. Njia hiyo ina kina cha mikromita 50 na upana wa mikromita 500, nayo imejipinda mara nyingi hata ikafikia urefu wa sentimita 30. Kwa kuwa umeme hukatika katikati ya kazi, sitaki kutegemea pampu, kwa hiyo maji husukumwa na uzito wake yenyewe kutoka kwenye chupa iliyotundikwa sentimita 30 juu ya kifaa. Kinachopatikana ni kidogo mno, takriban mikrolita 3 kwa dakika.

Nilisoma kwamba mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani walitazama maji yakipita katika mfereji wa mikromita 30 kwa 300 ambao kuta zake zilikuwa zimepakwa utando unaokataa maji, wakaona kwamba maji yaliyogusana na ukuta hayakusimama bali yaliteleza, na urefu wa utelezi (kipimo cha utelezi huo) waliouripoti ulikaribia mikromita 1. Kwa kina changu, kiasi hicho kingeniongezea mtiririko kwa asilimia 12 bila kupandisha chupa. Nilivipaka vioo silani, kemikali inayokifanya kioo kikatae maji, na kwenye kipande bapa nilichokipaka pamoja navyo tone la maji sasa linasimama kwa pembe ya mgusano (ile ambayo ukingo wa tone hufanya na kioo) ya nyuzi 110 hivi, ilhali kabla ya hapo ilikuwa kama nyuzi 30.

Matokeo yamenichanganya. Maji ya rangi yalijaza mfereji usiopakwa kwa muda wa sekunde 40 hivi, lakini uliopakwa ulichukua karibu dakika mbili. Baada ya kujaa, mtiririko wa mifereji hiyo miwili siwezi kuutofautisha. Je, ule utelezi uko wapi, na kwa nini kujaa kumekuwa kwa taabu kuliko awali?

Mwalimu wa Fizikia, Kampala

Ndugu Mhitimu, umepima mambo mawili yanayotawaliwa na sababu mbili tofauti, na ni heri tuyatenganishe kwanza.

Wakati mfereji unajaa, mbele ya maji kuna uso uliopinda unaopakana na hewa, na mvutano wa uso huo ama huvuta maji ndani ama huyazuia, kulingana na pembe yanayofanya na ukuta. Kati ya vioo viwili bapa, kanieneo inayotokana na mvutano huo ni mara mbili ya mvutano wa uso, ikizidishwa kwa kosaini ya pembe ya mgusano na kugawanywa kwa kina. Mvutano wa uso wa maji ni takriban nyutoni 0.072 kwa mita. Kwa pembe ya nyuzi 30 na kina cha mikromita 50, unapata kiasi cha paskali 2,500 zinazovuta maji ndani, sawa na kimo cha maji cha sentimita 25. Kwa pembe ya nyuzi 110 alama inageuka: sasa ni karibu paskali 1,000, yaani sentimita 10 za maji, zinazoyasukuma maji nyuma. Chupa yako ina sentimita 30. Kwa hiyo mfereji usiopakwa ulijazwa na nguvu ya sentimita 55, na uliopakwa ulijazwa na sentimita 20 tu. Gawanya moja kwa nyingine na utapata ile karibu mara tatu uliyoiona kwenye saa yako. Hakuna utelezi wowote uliohusika hapo, na vipimo vyako vinakubaliana na hesabu vizuri kuliko nilivyotarajia kwa kazi ya mkono.

Mfereji ukishajaa, ule uso uliopinda hauko tena ndani, na hapo ndipo swali la utelezi linapoanza. Tangu mwaka 1823 mhandisi Mfaransa Navier alipendekeza kwamba kimiminika kinaweza kuwa na kasi pale kinapogusana na ukuta, na kwamba kasi hiyo inalingana na jinsi mwendo unavyobadilika kwa kasi karibu na ukuta huo. Chora mstari wa kasi ya maji inavyopungua kuelekea ukutani, kisha uuendeleze mstari huo ndani ya ukuta hadi kasi ifike sifuri. Umbali huo wa kubuni, uliomo ndani ya ukuta, ndio urefu wa utelezi. Majaribio ya tabibu Mfaransa Poiseuille katika mirija myembamba ya kioo, aliyoyachapisha miaka ya 1840, yalilingana na kasi ya sifuri ukutani, na tangu wakati huo mafundi na wahandisi wamelichukulia jambo hilo kuwa kanuni, kwa sababu katika mabomba ya kawaida halijawahi kuwaangusha.

Katika mfereji bapa wenye utelezi sawa pande zote mbili, mtiririko huzidi ule wa kawaida kwa mara sita ya urefu wa utelezi ukigawanywa kwa kina. Basi kila kitu kinategemea urefu huo ni wa kiasi gani. Ile mikromita 1 uliyoisoma ilizua mjadala mrefu, kwa kuwa tabaka jembamba la gesi au viputo vidogo vilivyong'ang'ania ukuta vinaweza kutoa matokeo kama hayo bila maji yenyewe kuteleza juu ya kitu kigumu. Vipimo vya uangalifu vilivyofuata kwenye nyuso laini kabisa, zikiwemo kazi za Lyon nchini Ufaransa zilizochapishwa mwaka 2005, vilipata takriban nanomita 20 kwa maji juu ya utando wa silani. Weka nanomita 20 kwenye kina chako: ongezeko ni asilimia 0.24. Ndiyo maana hulioni.

Fundi wa Maabara, Jinja

Niongeze la kivitendo juu ya hiyo asilimia 0.24. Maji yakipata joto kutoka nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi, mnato wake, yaani uzito wake wa kutiririka, hupungua kwa takriban asilimia 11, na mtiririko huongezeka kwa karibu asilimia 12, ambayo ndiyo faida nzima uliyoitumainia kutoka kwenye silani. Katika chumba kisicho na kiyoyozi, tofauti hiyo huletwa na mchana peke yake. Kisha mtiririko hufuata kina kikipandishwa kipeo cha tatu, kwa hiyo ukikosea kina kwa nusu mikromita, ambayo ni asilimia 1, mtiririko unabadilika kwa asilimia 3. Gundi ikiwa nene kidogo upande mmoja tayari umeshaupoteza utelezi wote ndani ya kosa la kipimo. Kama utapima tena, weka kipimajoto karibu kabisa na kifaa, funika chombo cha kupokelea ili maji yasivukizwe kabla ya kupimwa uzito, na hakikisha mdomo wa kutokea umezama majini. Tone linaloning'inia mdomoni lenye nusu kipenyo cha milimita 1 lina kanieneo yake ya karibu sentimita moja na nusu za maji, nalo hukua na kudondoka likibadilisha kipimo chako kila mara.

Msomaji wa Entebbe

Samahani kwa kuingilia. Sisi huku tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko ya pwani. Je, hilo halibadilishi hesabu za Mwalimu?

Mwalimu wa Fizikia, Kampala

La, ndugu yangu. Hewa hukandamiza maji ya chupani na hukandamiza mdomo wa kutokea vilevile, hivyo zinafutana. Kinachobaki ni tofauti ya vimo tu.

Mtafiti wa Nyuso

Naomba kutetea kidogo matumaini ya dada yetu, au kaka yetu, wa Mbarara. Kukataa maji hakukomei kwenye nyuzi 110. Juu ya uso laini, hakuna mpako unaofikisha pembe mbali zaidi ya nyuzi 120 hivi, hata uwe na kemia gani. Wanaovuka 150 hufanya hivyo kwa kuunganisha kemia na mikwaruzo midogo sana, ili maji yakae juu ya ncha na hewa ibaki chini yake; watafiti Cassie na Baxter walilieleza jambo hilo mwaka 1944.

Mwenye shaka achukue jani la jimbi, lile linaloota kwenye maeneo ya majimaji karibu kila wilaya, alitumbukize taratibu kwenye beseni la maji safi. Chini ya maji, uso wa jani haubaki kijani. Ukilitazama kwa mshazari unang'aa kama fedha, kwa sababu mwanga unarudishwa na tabaka la hewa lililonaswa kati ya maji na vinundu vya jani vilivyofunikwa nta. Likitolewa, linatoka kavu. Sasa lisugue mahali pamoja kwa kidole gumba, mara chache tu kwa nguvu, kisha ulitumbukize tena: pale uliposugua pana doa la kijani lisilong'aa, na ukilitoa maji yamenata hapo hapo. Nta imeondoka na vinundu vimelala. Ukiliacha jani zima ndani ya maji kwa muda mrefu, ule mng'ao nao huanza kufifia kutoka kwenye kingo, maana hewa iliyonaswa huyeyuka polepole ndani ya maji.

Nimelitaja jani kwa sababu utelezi mkubwa unatoka kwenye hewa hiyo. Mnato wa hewa ni kama sehemu moja ya hamsini ya ule wa maji, hivyo mahali ambapo maji yamelala juu ya hewa karibu hakuna kinachoyazuia. Mwaka 2004 watafiti wa Massachusetts walipitisha maji juu ya silikoni iliyochongwa vinguzo na vijifereji vya mikromita kadhaa, wakapunguza upotevu wa kanieneo kwa kiasi kinachofika asilimia 40, kwa urefu wa utelezi unaozidi mikromita 20. Hiyo ni mara elfu moja ya nanomita 20 za Mwalimu. Kwa hiyo jibu la swali la juu, kwa maoni yangu, ni kwamba silani ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuchonga sakafu.

Mhitimu wa Mbarara

Nawashukuru sana. Hesabu ya kujaa imeniondolea mzigo, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kushuku kwamba silani imeziba njia.

Kuhusu kuchonga: kuna mahali ninapoweza kupata kioo cha chini chenye vijifereji vinavyofuata mwelekeo wa maji, vinavyorudiwa kila mikromita 20, ambapo mikromita 15 ni pengo na 5 ni ukingo. Kioo cha juu kingebaki laini, maana ndipo ninapotazamia rangi. Je, nitarajie kiasi gani, na hewa itadumu?

Mwalimu wa Fizikia, Kampala

Kwa vijifereji vinavyokwenda na mkondo ipo hesabu kamili iliyoanzia kwenye kazi ya Philip ya mwaka 1972. Kwa mpangilio wako, ambamo robo tatu ya sakafu ni hewa, inatoa urefu wa utelezi wa kama mikromita 6. Vikikatiza mkondo badala ya kuufuata, ni nusu yake tu, na kwa kuwa njia yako inajipinda, ni lazima vijifereji vijipinde nayo, la sivyo kwenye kila kona utapoteza sehemu. Ukiwa na utelezi upande mmoja tu, kanuni inabadilika: ongezeko ni mara tatu ya urefu wa utelezi ukigawanywa kwa jumla ya kina na urefu huo. Tatu mara 6, gawanya kwa 56, na unapata takriban asilimia 32. Si haba, ingawa hata sakafu isiyo na msuguano kabisa isingeweza kuupita mtiririko wa mara nne, kwa kuwa dari ingali inashika.

Kudumu kwa hewa ndiko kunakonitia wasiwasi. Uso wa maji uliotandazwa juu ya pengo la mikromita 15, ukishikwa na kingo zenye pembe ya nyuzi 110, unahimili karibu paskali 3,300 kabla ya kuporomoka ndani. Hizo ni sentimita 33 za maji, na chupa yako iko sentimita 30 juu. Karibu na mlango wa kuingilia, ambapo kanieneo yote ya chupa ingalipo, unatembea kwenye ukingo wa shimo: mtu akiigusa chupa, au kingo chache zikiwa zimepakwa vibaya, pengo moja linajaa maji, na likishajaa halirudi lenyewe. Kijifereji kilichojaa hakitoi utelezi wa maana. Ungeweza kupunguza pengo hadi mikromita 5 ili lihimili karibu mita moja ya maji, lakini urefu wa utelezi hupungua pamoja na mpangilio mzima, kwa hiyo ungebaki na mikromita 2 hivi na ongezeko la asilimia 12. Hayo mawili yanavutana, na sioni namna ya kuyapata yote kwa pamoja.

Fundi wa Maabara, Jinja

Na maji yenyewe ni ya kisima. Wenzetu wa maabara hutumia maji yaliyochujwa mara kadhaa, lakini mwaka 2017 kundi la watafiti lilionyesha kwamba hata chembe kidogo sana za vitu vyenye tabia ya sabuni, kiasi kisichoepukika katika mazingira ya kawaida, zinatosha kuufuta utelezi. Zinachukuliwa na mkondo juu ya uso wa hewa hadi mwisho wa kijifereji, zinarundikana hapo, na kwa kuwa mvutano wa uso unakuwa mdogo pale zilipojaa na mkubwa zilikotoka, uso wa maji unavutwa kuelekea nyuma, kinyume cha mtiririko. Kwa macho unaona hewa bado ipo, lakini uso wake unashika maji karibu kama ukuta. Kijifereji kirefu kisichokatizwa huathirika kidogo kuliko kifupi, ila kisima kilicho karibu na mahali pa kufulia sitakiamini kwa njia yoyote.

Mtafiti wa Nyuso

Nakubali hoja ya sabuni, ni nzito. Ila tusiache ionekane kana kwamba utelezi ni jambo la karatasi tu. Shukeni hadi kwenye mirija ya kaboni, ambayo kuta zake ni laini kwa kiwango cha atomu. Kazi ya Paris ya mwaka 2016 ilipima mirija mmojammoja, ikakuta kwamba katika mrija wenye nusu kipenyo cha nanomita 15 urefu wa utelezi unafika karibu nanomita 300. Katika mrija wa duara ongezeko ni mara nne ya urefu wa utelezi ukigawanywa kwa nusu kipenyo, kwa hiyo mtiririko unakuwa kama mara 80 ya ule wa kawaida. Na la kushangaza zaidi ni kwamba mirija ya nitridi ya boroni, yenye mpangilio wa atomu unaofanana na ule wa kaboni, haikuonyesha utelezi wa kupimika. Mtu anayedhani kwamba kukataa maji peke yake ndiko kunakoleta utelezi ana kazi ya kuieleza tofauti hiyo.

Mwalimu wa Fizikia, Kampala

Hapo tumeafikiana, na mfano huo unaonyesha mahali pa kusimama: nanomita 300 dhidi ya nanomita 15 ni jambo kubwa, nanomita 20 dhidi ya mikromita 50 si kitu.

Kwa kifaa cha Mbarara, mimi ningeacha kioo cha kuchonga. Kina chako kinatoka kwenye unene wa filamu, na filamu za mikromita 75 hupatikana kama zile za 50. Moja na nusu kipeo cha tatu ni karibu 3.4, hivyo kwa chupa ileile utatoka mikrolita 3 hadi mikrolita 10 kwa dakika, bila hewa ya kulinda wala kingo za kuogopa. Usivipake vioo silani. Viache vipende maji, ili mvutano wa uso uendelee kukusaidia wakati wa kujaza, ingawa kwa kina hicho kipya utavuta sentimita 17 hivi badala ya 25.

Jambo moja ulipime kabla ya kubandika. Maji yatakaa ndani ya mfereji kwa muda mfupi zaidi, kutoka dakika mbili na nusu hadi dakika moja na ushei, na mchanganyiko wako unategemea usambaaji kwa upande, yaani molekuli kuenea zenyewe kutoka mkondo mmoja hadi mwingine. Molekuli ndogo za rangi huhitaji kama sekunde 30 hadi 60 kuvuka robo ya milimita, kwa hiyo kwa hizo muda unatosha. Kama dawa yako ya kupimia ni protini, usambaaji wake ni wa polepole mara kumi au zaidi, na itabidi uirefushe njia au uigawanye mikondo iwe myembamba.

Mhitimu wa Mbarara

Dawa ni rangi ya molekuli ndogo, si protini. Filamu ya 75 ninayo kabatini. Nitakata njia ileile, nitaweka kipimajoto kama Fundi alivyoshauri, na mdomo wa kutokea nitauzamisha majini.